Mkatoliki wa Peramiho kwenye nyumba ya Wabudha, na msiba uliotukuta humo

Watu wakisikia nimeishi Sri Lanka swali la kwanza huwa ni mawe ya vito, bei zikoje kule, wanachoma vipi, na kadhalika. La pili, na hili linaulizwa kwa sauti ya chini, ni hao Wabudha wanamwabudu nani sasa, ile sanamu? Na wewe ulikuwa unaisujudia? Shangazi yangu aliniuliza hivyo nikiwa sijatua hata begi. Miaka yote nimejibu vipande vipande, huyu namwambia hili yule namwambia lile, leo naandika lote kwa pamoja maana kuna jambo moja ndani yake halijibiki kwa kipande. Tofauti ya upendo wa kwao na upendo wa kwetu sikuielewa kwa kusoma wala kwa kubishana, nimeielewa kwa sababu mdogo wangu alifariki nikiwa kule.

Mi ni mtoto wa Peramiho, huko Ruvuma. Abasia ya Wabenediktini ipo pale tangu 1898, kwa hiyo kabla hujajua kusoma umeshajua kengele, na unakua unaona watawa wenye kanzu nyeusi wanatoka kusali wanaingia karakana, mwingine yuko shambani, mwingine hospitali, mwingine kiwanda cha uchapaji, sala na kazi ndo kauli yao. Ukienda Hanga ni hivyo hivyo, na kule ni watawa wa Kiafrika, wanalima wanafuga. Kichwani mwangu basi mtu wa Mungu ni mtu mwenye udongo kwenye viatu. Na upendo nao tulifundishwa huko huko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, Mungu ni upendo, Yohana wa kwanza sura ya nne, na ule mstari wa chini yake kidogo kwamba sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza. Tulikariri tu, nani alikuwa na muda wa kuuliza.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Tunduru kwenye mawe kama vijana wengi wa Ruvuma. Wakati naingia mimi Wathai na Wasrilanka walishakuwepo siku nyingi, walianza kumiminika miaka ya 90 mawe yalipotoka, wamepanga nyumba pale mjini, wanakaa mezani na tochi na mizani, unaleta jiwe lako la bluu la mto Muhuwesi mtu analigeuza geuza kwenye mwanga alafu anakurudishia bila neno, roho inakushuka. Nikawa dalali, nazungusha vifurushi vya watu. Mzee mmoja Msinhala, yaani wa kabila kubwa la Sri Lanka, akanipenda kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nilikuwa najua kunyamaza mteja akiangalia jiwe. Kiswahili chake alikiokotea machimboni kwa hiyo kilikuwa na matusi mengi na heshima kidogo, na Ubudha wangu wote nimetafsiriwa kwa Kiswahili hicho, mliweke akilini mnaposoma. Wasrilanka wengine wa pale walikuwa Waislamu, Ijumaa wanasali na watu wa Tunduru, hao hawakumshangaza mtu. Huyu wangu ndo alikuwa na kijisanamu ndani na kikombe cha maua mbele yake, na watu wakasema anafuga jini.

Baadae akanichukua kwao Ratnapura nijifunze kukata na kung'arisha. Ni mji wa mawe, kama kilomita 100 kutoka Colombo, mvua haiishi, na asubuhi wanaume wanajaa barabarani wamesimama na mawe kwenye vikaratasi wanauziana. Nilikaa nyumbani kwake. Mkewe nikamuita amma, yaani mama, kama watoto wake walivyomuita, na yeye ndo aliamua kwamba mimi ni mtoto wa nyumba, hakuuliza mtu. Jioni anawasha taa mbele ya Buddha, anaweka maua, anakariri maneno yake ya Kipali, lugha ya maandiko yao, mi chumbani nasali rozari yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia niache.

Mtawa wao nilimuona mara ya kwanza siku ya mwezi mpevu. Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu ya serikali, wanaita poya, pombe haiuzwi, watu wanavaa nyeupe wanakwenda hekaluni kushinda huko. Amma akapiga magoti mpaka paji la uso likagusa chini, mzee naye, na yule mtawa akakaa vile vile kwenye kiti chake, hajainama, hajasema asante. Mi nimezoea ukimwambia padre Tumsifu Yesu Kristo anakujibu Milele amina hata kama ana haraka zake. Nikauliza huyu mbona anaringa? Mzee alicheka sana. Akanieleza kwamba watawa wao wana sheria 227, haruhusiwi kuchimba udongo, haruhusiwi kukata mti, haruhusiwi kushika hela, saa sita mchana ikipita hali tena mpaka kesho, na hicho chakula chenyewe hapiki, anakula kinacholetwa na watu, familia zimepangiana zamu. Yaani jitu zima haliwezi kujilisha hata siku moja. Mtu wa Peramiho unasikia hivyo unajiuliza sasa huyu anafanya kazi gani? Mzee akasema asipokuwepo wa kupokea, sisi tutatoa kwa nani, na kwao kutoa ndo mlango wa kwanza wa dini. Wabenediktini wangu wanampenda jirani kwa mikono, wanamtibu, wanamjengea shule. Huyu anakaa tu na bakuli lake ili wewe uzoee kuachia. Nimefikiria sana hilo na sijalikubali lote, hospitali ni hospitali bwana, lakini kwenye msiba nilikuja kuona kazi yake.

Sasa Mungu. Huku tunasema kwa urahisi Wabudha hawana Mungu, yameisha. Kule nilikuta miungu ya kutosha. Ratnapura kuna hekalu kubwa la Saman, ndo mlinzi wa ule mlima wa Sri Pada na wa eneo lote lile, na watu wa mawe hawachezi naye. Mzigo mkubwa ukiwa njiani mzee anakwenda na sinia la matunda. Nikamwambia si ulisema hamna Mungu? Akasema Saman anaweza kukusaidia jiwe liuzike, mtoto apone, lakini hawezi kukutoa kwenye kuzaliwa na kufa maana na yeye yumo humo humo, siku yake ikifika atakufa atazaliwa kwingine. Ukitaka kibali unakwenda kwa mkuu wa wilaya, ukitaka usihitaji kibali tena milele unakwenda kwa Buddha. Na Buddha mwenyewe haombwi kitu, alishaondoka, yale maua ni heshima tu.

Yule mtawa akaongezea moja lililonichoma. Kwenye maandiko yao yumo mungu mmoja, Brahma mkubwa, aliyetokea wa kwanza kwenye ulimwengu mtupu, akakaa akajisikia mpweke, akatamani wenzake, na wenzake kweli wakaanza kutokea, kwa sababu zao wenyewe lakini, basi yeye akajua ndo kawaumba, na wao wakimuona kawatangulia wakaamini. Alisimulia akitabasamu, mzee akatafsiri akitabasamu, mi nikanyamaza. Unaona kabisa mshale unaelekea wapi. Usiku nikageuka geuka kitandani mpaka nikagundua kitu, huyo Brahma wao aliwataka watu kwa sababu ya upweke, alikuwa na shida nao. Mungu niliyefundishwa mimi hana shida na mtu, ni Utatu, upendo umo ndani yake kabla hajaumba hata jani moja, kaumba kwa wingi wa alichonacho. Nikajisemea anayechekwa kwenye ile hadithi siye wangu, nikalala.

Ubishi huo wenyewe wameshaufanya hadharani zamani. Mwaka 1873 pale Panadura mtawa Migettuwatte Gunananda alipanda jukwaani na mchungaji David de Silva siku mbili mbele ya umati, ukisikia wanavyosimulia utadhani ni mihadhara ya kwetu ile ya viwanjani ya Biblia na Korani. Na Wareno walifika 1505, na ubatizo wao ulikuja pamoja na mizinga, kwa hiyo ukimwambia mtu kule wewe ni Mkristo kuna kitu kinapita machoni mwake kwanza. Kwangu mimi hawakuwahi kukitumia.

Kwenye upendo ndo nilidhani tuko sawa kabisa. Jioni amma alikuwa anakariri Metta Sutta, andiko lao la metta, yaani upendo wa kuwatakia wote heri, na humo kuna mahali panasema mama anavyomlinda mwanae wa pekee kwa uhai wake, ndivyo mtu aukuze moyo usio na mpaka kwa viumbe vyote. Nikasema si ndo haya haya ya Paulo kwa Wakorintho? Nikamuomba mtawa anifundishe. Akanipa hatua, na hatua zenyewe alizipanga Buddhaghosa, mtawa aliyeandika huko huko Sri Lanka, Anuradhapura, karne ya 5. Unaanza na wewe mwenyewe, unajitakia heri, unajitakia usiwe na uadui wala mateso. Alafu mtu unayemheshimu aliyekutendea wema, alafu rafiki wa karibu, alafu mtu ambaye kwako si wa moto si wa baridi, muuza duka labda, mwisho kabisa adui. Ukikwama kwa adui unarudi nyuma unaanza tena, hakuna aibu.

Aisee. Mi nimebatizwa mchanga, nikapata komunyo, nikapata kipaimara, na nimeamriwa kumpenda adui tangu napata akili, lakini hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini akaniambia sasa tunafanya hivi, kwanza hiki kisha hiki. Kwetu upendo unaombwa, ni neema, mwenye nao anakupa. Kwao unafanyiwa mazoezi, hakuna anayekupa, na usipofanya mazoezi huna. Kuanza na mimi mwenyewe ndo kulinipa shida, nikaona ni ubinafsi mtupu, mpaka mzee akaniuliza kitabu chenu kinasemaje, nikamwambia umpende jirani yako kama nafsi yako, akasema haya, na mtu anayejichukia atampimia jirani kwa kipimo gani?

Alafu mdogo wangu akafariki.

Ndo alikuwa ananifuata kuzaliwa. Aliugua muda mfupi, hayo nayaacha. Tiketi ya haraka hela haikutosha na kwetu maiti haikai, kwa hiyo mazishi nimeyaona kwa WhatsApp, simu ya binamu inatetemeka, mtandao unakata kwenye wimbo unarudi kwenye udongo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni kwa amma, yeye kasimama nyuma yangu, haelewi neno hata moja la kinachoimbwa, analia.

Baada ya hapo zikaanza simu za pole. Kutoka Songea kila aliyepiga alisema lile neno letu la misibani, sisi tulimpenda lakini Mungu kampenda zaidi. Mwanzoni unaitikia, amina, kazi ya Mungu haina makosa. Likirudiwa rudiwa unaanza kujiuliza huu ni upendo gani wa kunyang'anya, ana watoto wadogo yule, Mungu alikuwa anakosa nini huko kwake? Si tumesema hana upweke? Na majirani wa Ratnapura nao hawakuniacha hivi hivi, mmoja kwa nia njema kabisa akaniambia ni karma, maisha mafupi ni matunda ya kitu cha huko nyuma, pengine cha maisha mengine. Kwa hiyo huku kafa kwa kupendwa mno, huku kafa kwa makosa ambayo hata yeye hayakumbuki. Siku ile sikutaka kumsikia yeyote. Na mpaka leo kwenye misiba mi sisemi kampenda zaidi, nasema pole, nakaa.

Ila wale watu hawakuishia kwenye maneno. Siku ya saba amma akaandaa dana, yaani chakula cha watawa kwa ajili ya marehemu. Alianza kupika usiku, wali, dengu, samaki, fenesi changa la nazi, maboga, sijui vyungu vingapi, kwa ajili ya msichana wa Kingoni Mkatoliki ambaye hajawahi kumuona hata kwenye picha mpaka wiki ile. Watawa wakaja wakakaa chini kwenye mikeka iliyotandikwa nyeupe, wakala kimya. Mzee alikuwa amemuandikia mtawa mkubwa jina la mdogo wangu kwa herufi za Kisinhala, akalisoma vibaya, akarudia, akalisoma vibaya tena kwa namna nyingine, nikajikuta nimetabasamu kwa mara ya kwanza. Alafu mimi na mzee na amma tukashika birika pamoja tukamimina maji polepole kwenye kikombe kilichowekwa ndani ya bakuli mpaka kikafurika, watawa wanasoma kwamba jinsi mito iliyojaa inavyoijaza bahari ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliokufa. Watu wakasema Sadhu, yaani vema, mara tatu. Hapo nikaona ile kazi ya mtawa. Alikuja akapokea chakula ambacho mimi sikuwa na pa kukipeleka. Wiki hiyo hiyo nyumbani walikuwa na Misa, raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Ndugu zetu Walokole watatushangaa wote wawili, sisi na toharani yetu na wao na kikombe chao.

Jioni yake nikamfuata mtawa hekaluni nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikaa rohoni. Ile metta uliyonifundisha, naweza kuifanya kwa mdogo wangu? Akasema hapana. Hakusema kwa ukali, alisema taratibu, mzee akatafsiri taratibu, na kwa mara ya kwanza bila tusi. Buddhaghosa kaandika wazi kwamba metta haifanywi kwa marehemu, na anatoa kisa cha mtawa kijana aliyehangaika kumfanyia mwalimu wake ikawa haishiki, haishiki, kumbe mwalimu ameshakufa. Thawabu ya dana unaweza kumgawia, hiyo sawa. Lakini yule unayemuona kichwani, mwenye uso ule na jina lile, hayupo wa kutakiwa heri. Kuna kilichoendelea mahali, ila siye huyo unayemshikilia.

Hapo ndo tofauti niliisikia mwilini. Niliyumba kweli. Maana mimi kila Jumapili nasimama nasema nasadiki ushirika wa watakatifu, ufufuko wa miili, na ninachomaanisha ni yeye yule yule, na jina lake la ubatizo, na kovu lake la gotini aliloanguka na baiskeli yangu. Nampenda na ninaamini ananipenda, sasa hivi. Upendo wa Kikristo una mtu upande wa pili, na mtu huyo kashikwa na Mungu, kwa hiyo kifo hakina pa kuukatia. Metta ni moyo uliouzoesha mpaka hauna mpaka, na moyo wa namna hiyo unasimama hata mtu mmoja mmoja akiondoka, ndo nguvu yake, haudondoki naye. Ninapomsikia mtu anasema dini zote ni kitu kimoja tu, najua huyo bado hajazika mtu wake.

Mtawa akanisimulia habari ya Kisa Gotami, ambayo kule kila mtoto anaijua. Mama aliyefiwa na mtoto wake mdogo akawa anazunguka na maiti anatafuta dawa, Buddha akamwambia niletee punje za haradali kutoka nyumba ambayo hakujawahi kufa mtu. Akapita nyumba kwa nyumba, haradali zipo, nyumba ya namna hiyo haipo, mwisho akaenda kumzika mwanae. Nikamwambia sisi tunayo ya kwetu, Luka sura ya saba, mjane wa Naini, jeneza la mwanae wa pekee linatoka mjini, Yesu alipomwona alimwonea huruma, akamwambia usilie, akaligusa jeneza kijana akainuka. Mtawa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. Na yule kijana alikuja kufa lini tena?

Nilikasirika. Lakini swali ni zuri, maana alikufa, lazima. Nikamrukia na Lazaro, nikamwambia Yesu alijua kabisa anakwenda kumfufua, na bado alipofika kaburini akalia machozi. Mtawa akasema haelewi, kama alijua, analia nini? Nikamwambia na mimi sijui. Ila Mungu asiyelia pale sina haja naye. Tukakaa. Mbu wengi. Mzee akasema twende, amma atakuwa anatusubiri na chai.

Na niwatendee haki, maana nikiishia hapo nitakuwa nimesema uongo. Kwa muda mrefu nilidhani ile hadithi ya haradali ni ya ukatili, unamzungusha mama mwenye maiti mkononi. Wiki zilizofuata majirani walianza kuja pale kwa mzee, mmoja mmoja, wanakaa na mimi barazani, na kila mmoja anaishia kunisimulia wa kwake aliyekufa, huyu mume alifukiwa na shimo la mawe, huyu kaka alipotea kwenye miaka ya vurugu, yule bibi wa jirani mtoto wake wa homa. Kumbe Kisa Gotami nyumba kwa nyumba hakuambiwa tu hapana, aliambiwa karibu ndani, na sisi ilikuwa mwaka juzi. Ile ndo ilinisimamisha nikala, nikarudi kwenye mashine ya kukatia. Maombi yangu ya wakati ule yalikuwa makavu, sikusikia kitu upande wa pili, nakiri kwa wanaouliza.

Kabla sijarudi Tanzania amma akasema anataka kunipeleka Colombo kwa Mtakatifu Antoni. Mi nikadhani ananitania. Kumbe kanisa la Kochchikade kila Jumanne linajaa watu wa dini zote, Wabudha, Wahindu, wote wana shida zao. Amma akawasha mshumaa, akashika kioo cha sanamu, akanong'ona kwa muda mrefu sana, mwanamke ambaye maisha yake yote kafundishwa kwamba hakuna wa kukutoa. Nikamuuliza umeomba nini? Akasema nimemuombea mdogo wako, huyu wa kwenu si anaombwa? Kwa hiyo vitabu vinasema vyake, na mama aliyebanwa na jambo anafanya yake. Kanisa hilo ndo mojawapo ya yaliyolipuliwa Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili 2019. Nilikuwa nimesharudi, amma alinipigia yeye kabla sijasikia habari.

Sasa adui. Tunduru nilimuacha jamaa mmoja aliyeondoka na kifurushi changu, mawe ya kweli, akapotelea kusikojulikana. Nilimchukia vizuri. Huku kwetu siku hizi ukienda kwenye baadhi ya maombi, na hata sisi Wakatoliki tumeambukizwa, adui anaombewa aanguke, anyauke, moto umle, na watu wanapiga makofi. Nami niliomba hivyo, sitaki kudanganya. Buddha anasema chuki haikomi kwa chuki, na anafika mbali, anasema hata majambazi wakikukata kiungo kwa kiungo kwa msumeno, ukiwachukia hujafuata mafundisho yangu. Yesu naye anasema wapendeni adui zenu, lakini sikilizeni sababu zao. Buddha anakupa sababu iliyo ndani yako, chuki inakuunguza wewe. Yesu anakupa sababu iliyo juu, mpate kuwa wana wa Baba yenu, maana yeye huwaangazia jua lake waovu na wema. Huyu anakuponya, huyu anakufananisha na Baba.

Mi natumia zote. Yule jamaa nilimuanza kwa hatua za Buddhaghosa maana kwa sababu ya Baba peke yake nilikuwa nashindwa, nikifika kwake narudi kwa muuza duka, kwa rafiki, kwangu, usiku baada ya usiku, mpaka nikaweza kumtakia alale vizuri. Nilipofika hapo ndo Baba Yetu ikapita kooni kwenye ile sehemu ya kama tunavyowasamehe. Paroko wangu nilimweleza, hakufurahi sana, akasema Wakatoliki tunazo njia zetu za sala, nikamwambia ndio padre, nifundishe basi. Tulicheka.

Mwaka jana mzee akapiga simu, amma anaumwa, amelazwa. Kwa Saman ameshapeleka sinia, dana ameshafanya. Akasema, kijana, wale watu wenu wa kanzu nyeusi bado wanasali? Peleka jina la amma. Nikaenda ofisi ya parokia na hela ya nia. Katekista akafungua daftari. Jina la ubatizo? Hana. Mlutheri? Mbudha. Akaniangalia. Mzima au marehemu? Mzima, anaumwa. Uhusiano wenu? Nikafikiri, nikamwambia mama yangu. Akaandika.

Jumapili padre akasoma nia za Misa, akafika pale, akasoma kuombea afya ya mama mzazi wa fulani, jina langu kamili, ambaye ni mgonjwa mahututi. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni yangu na afya zake, kitenge kipya. Misa ilipoisha kina mama wa jumuiya wakamzunguka nje ya kanisa, pole jamani, hatukuwa na habari, tumbo au presha? Akawajibu, mimi mzima jamani, anaumwa mama yake mwingine, na nyie kesho jioni kwenye rozari mtajeni.